Mkasi wa Shangazi na Miche ya Brokoli

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Pilipili alifanya mambo mawili: alimwagilia miche yake ya brokoli, kisha akagombana na shangazi yake. Siku nyingine alianza na ugomvi.

Jina hilo alipewa na baba yake, fundi wa kuchomea vyuma, na halikuhusu chakula. Msichana huyu wa miaka kumi na miwili alikuwa na ulimi uliotangulia akili. Mama yake alifanya kazi mji mwingine na kurudi mwisho wa mwezi, ndiyo maana baba alimwomba dada yake mkubwa aje kukaa nao. Shangazi akaja na sanduku, cherehani ya miguu, na mkasi mkubwa mweusi ambao hakuruhusu mtu kuugusa.

Vita vilianzia dirishani. Nyumba ile ilikuwa na dirisha moja tu lililopata jua la kutosha, na chini yake Pilipili alikuwa ameweka trei ya mbegu alizopewa na mwalimu wa kilimo. Alikuwa amezifukia kidogo tu, akazinyunyizia maji kwa vidole, na vichipukizi vilikuwa vimeanza kuchungulia. Shangazi alipofika, alitazama trei, akatazama dirisha.

"Hayo majani yaondoke. Cherehani inakaa hapa."

"Si majani, ni brokoli."

"Hata yangekuwa dhahabu. Nashona sare za watoto wa watu, nataka mwanga. Macho yangu si ya paka."

Trei ikahamishiwa pembeni mwa jikoni. Miche ikarefuka, ikawa myembamba kama uzi, yote ikiinamia kule kwenye mwanga. Pilipili aliiona inavyohangaika, na chuki ikamkaa rohoni.

Siku moja, kwa kumkomoa tu, aliuchukua ule mkasi akakatia karatasi ya kufunikia daftari. Shangazi akamfuma.

"Mkasi wa kitambaa haukati karatasi!" alifoka hadi majirani wakatoka nje. "Haukati kamba, haukati kitu chochote ila kitambaa! Ukiwa butu nitakula nini?"

"Kula vitambaa," Pilipili alinong'ona, akidhani hasikiki. Jioni hiyo aliosha vyombo vyote peke yake, masufuria na yote.

Miche ilipofikisha majani manne, aliizoesha jua la nje kidogo kidogo, kama mwalimu alivyomwelekeza. Kisha jioni moja akaipanda kwenye tuta nyuma ya nyumba, akiacha nafasi ya kutosha kati ya mche na mche. Shangazi alimtazama akiwa mlangoni.

"Shamba dogo, mkulima mdogo, domo tu ndilo kubwa," alisema, akarudi ndani.

Asubuhi, karibu nusu ya miche ilikuwa imelala chini. Haikuwa imenyauka, wala majani hayakuwa yameliwa. Mashina yalikuwa yamekatwa usawa wa udongo, safi kabisa, kama kwa chuma chenye makali.

Pilipili hakutaka kufikiri. Aliiokota, akaingia nayo ndani, akaitupa mezani mbele ya baba yake aliyekuwa akinywa chai.

"Baba, tazama! Ameikata kwa mkasi!"

"Nani?"

"Kwani nani mwenye mkasi humu ndani?"

Shangazi alitokea, utepe wa kupimia ukiwa shingoni. "Mkasi wangu? Nikakatie majani? Bora nikate kidole changu!"

"Ulitaka trei iondoke, ikaondoka. Sasa umeifuata mpaka nje!"

"Unamsikia mwanao?" Shangazi alimgeukia baba. "Unamsikia na umekaa?"

Baba alikuwa amechoshwa na kelele za kila siku. Hakwenda hata kulitazama tuta. Aligeuza mche mmoja mkononi, akaona jinsi ulivyokatwa. "Dada, wewe ni mtu mzima," alisema. "Kwa nini ushindane na mtoto?" Akaamua cherehani ihamie stoo, na dirisha lirudi kwa Pilipili.

Shangazi alibeba kiti chake mwenyewe.

Pilipili hakutosheka na ushindi wa nyumbani. Alipokwenda bombani kuchota maji, aliwaambia wote waliokuwa kwenye foleni kwamba shangazi yake anakata miche ya watoto. Habari ikapokewa, ikatiwa chumvi. Kufika jioni ilikuwa inasemwa kwamba fundi yule hukata hata vitambaa vya wateja na kuficha vipande. Kesho yake mama mmoja akaja kuchukua kitambaa chake kabla hakijashonwa. Alisema amebadili mawazo. Nyuma yake wakaja wengine.

Asubuhi hiyo hiyo Pilipili alikuta mche mwingine umekatwa. Karibu afurahi, maana huu ulikuwa ushahidi mpya. Alichimbua udongo kwa kidole pembeni mwa shina, akitafuta alama yoyote, na hapo akamkuta kiwavi mnene wa rangi ya kijivu amejikunja kama pete. Alimjua mara moja, kwa kuwa mwalimu aliwahi kuwaonyesha picha yake. Alikuwa sota, mdudu anayelala udongoni mchana, kisha usiku akatoka na kukata miche shingoni.

Pilipili aligeuka kutazama mlangoni, hapakuwa na mtu. Kuku wa jirani alikuwa akiparua karibu na uzio. Pilipili akamrushia yule sota, kuku akammeza, na ushahidi ukaishia hapo.

Akanyamaza. Dirisha lilikuwa lake, baba alikuwa upande wake, na kusema kweli kulimaanisha kumwomba radhi mtu asiyempenda hata kidogo. Alinyamaza siku hiyo, akanyamaza na iliyofuata. Lakini kila akipita mlangoni mwa stoo alimwona shangazi amekaza macho chini ya taa hafifu, akifumua mkono wa shati alioushona kinyume. Kidole chake kimoja kilikuwa kimefungwa kitambaa, kwa sababu sindano ilikuwa imemchoma.

Siku ya tatu alimkuta anafunga sanduku.

"Umekuja kucheka?" shangazi aliuliza bila kugeuka. "Cheka upesi, kesho nina safari. Vitambaa vyote vimerudi kwa wenyewe. Nikae hapa nimshonee nani?"

Pilipili aliingia hatua moja. "Ni sota, shangazi."

"Nini?"

"Mdudu. Ndiye aliyekata miche. Nilimkuta udongoni."

"Lini?"

"Juzi."

Shangazi aligeuka polepole. "Juzi. Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Machozi yakaanza kumtoka, lakini shangazi hakumkumbatia. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki ya kuwa nazo. "Usinililie hapa. Machozi yako hayanirudishii wateja. Ulinisema wapi, hebu nikumbushe?"

"Bombani."

"Basi ukweli nao uende huko huko. Chukua ndoo."

Foleni ilikuwa ndefu jioni ile. Pilipili alisimama mbele ya watu, shangazi nyuma yake na mikono kiunoni. "Nilisema shangazi alikata miche yangu," alianza. "Si kweli. Ni mdudu aitwaye sota. Shangazi hajakata mche wangu, wala hajaiba kitambaa cha mtu."

"Kumbe mwongo ni wewe!" mmoja akasema, na watoto wakacheka. Kuanzia siku hiyo walimwita Sota, na aliitikia, kwa kuwa hakuwa na la kujitetea.

Baba naye alifika mlangoni mwa stoo kofia ikiwa mkononi. "Dada, nilihukumu bila kwenda kutazama. Nisamehe." Akainyanyua cherehani peke yake, akairudisha dirishani, na shangazi akafungua sanduku lake.

Wateja walirudi mmoja mmoja. Shangazi hakuwa mpole hata hivyo. Jioni moja alimtupia Pilipili fungu la pete alizoshona kwa kile kitambaa kigumu kinachowekwa ndani ya kola za mashati.

"Ivishe miche yako, uzifukie kidogo chini ya udongo. Huyo mdudu akikuta ukuta atatafuta pengine. Na usinishukuru, ni mabaki tu."

Miche iliyobaki ikasimama na kola zake kama makarani, ikanenepa. Wawili hao waliendelea kugombana juu ya maji, vyombo na sauti ya redio, lakini sasa Pilipili aliuma ulimi kabla ya kumsingizia mtu jambo.

Hatimaye kichwa cha kwanza kikafunga, kijani na kigumu, vitumba vyake bado havijafunguka. Huo ndio ulikuwa wakati wa kukivuna.

"Shangazi, lete mkasi wako ukate wewe," Pilipili alisema, akidhani anampa heshima.

"Mkasi upi? Mkasi wangu haujawahi kukata jani, na hautaanza leo!" Shangazi alimpa kisu cha jikoni.

Pilipili alikata, kisha akashika shina akitaka kuling'oa. Shangazi akamzuia mkono.

"Liache. Litatoa vichwa vingine vidogo pembeni. Brokoli ukiikata kichwa, inachipua. Jina la mtu si brokoli, mwanangu. Wateja wangu wangapi hawajarudi mpaka leo?"

"Wawili."

"Na yule mdudu alikata kwa njaa. Wewe ulikata kwa hasira, halafu ukaficha. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku nyingine, kabla hujasema fulani kafanya, chimba kwanza uone. Na ukishaona, sema siku hiyo hiyo."

"Ndiyo, shangazi."

"Haya, kaoshe hicho kisu."

Pilipili aliosha kisu. Kisha akakifunga kile kichwa cha brokoli kwenye gazeti, akavaa viatu, akaenda kubisha mlango wa mteja wa kwanza kati ya wale wawili.