Kicheko cha Debora

Asubuhi ile Silvano alikuta daftari lake limejaa kurasa nne, ilhali jana alilifungia kabatini likiwa tupu. Mwandiko ulikuwa wake. Wino ulinuka zabibu zilizochacha, na wakulima wa mizabibu wa Makutupora walikuwa hawajaanza kuvuna.

Miezi miwili alikuwa hajapata hata mstari mmoja wa filamu yake ya kuchekesha, habari za mwongozaji aliyeishiwa mawazo, anayeyasaka vilabuni, makanisani, mpaka chini ya kuku anayeatamia. Sasa yalikuwa haya, tena matamu. Mwenye njaa haulizi aliyepika.

Desturi yake ilikuwa kuisomea nyumba kwanza. Ukurasa usiomchekesha mkewe Elieth wala binti yao Debora, wa miaka saba, hauendi mbele ya kamera. Akasoma. Elieth alitabasamu tu. Debora alicheka akashika mbavu.

"Baba, anamuuliza kuku hadithi?"

"Ndiyo. Na kuku anataka jina lake liandikwe la kwanza."

Kesho yake Debora hakucheka. Wala keshokutwa. Alipotekenywa alifumbua kinywa, ikatoka pumzi tupu yenye harufu ya zabibu.

Kurasa zikaendelea kujaa, na Silvano akaendelea kupiga picha. Siku ya kuitazama kanda, saa saba mchana, nyumbani kwao Area D, Elieth alimshika mkono.

"Baba Debora," alinong'ona, "nani anacheka humo?"

"Hatukurekodi kicheko."

"Ni mwanao."

Kilikuwa kile kile, chenye kwikwi mwishoni, kikaanzia chini ya sauti za waigizaji, kikapanda, kikawafunika, na nyuma yake kikaja kingine cha mtu mzima, kikavu kama magunzi yanayosuguana, vyote viwili vikatoka kwenye televisheni, vikapita chini ya meza, vikasimama nyuma ya kiti cha Debora, aliyekaa kimya, mikono magotini, akiitazama skrini kama mtu anayeona kwao ng'ambo ya mto uliofurika.

Bi Mwanasha, mganga wa majini, aliitwa saa ile ile. Alifukiza ubani, akanusa daftari.

"Mlilisoma humu ndani, kwa sauti?"

"Ndiyo, bibi. Ndiyo kazi yetu."

"Basi mlimkaribisha jini. Chomeni daftari na kanda zote kabla jua halijazama. Ikibaki hata moja, kicheko cha mtoto hakirudi."

Walichoma. Lakini Fredy, mpiga picha, alikuwa ameshapeleka nakala moja kwenye banda la video Kibaigwa.

Silvano alifika jua likigusa maghala ya mahindi. Banda lilikuwa limefurika madereva na madalali, wanacheka hadi mabati yanatetemeka. Alikuwa na hatua tano tu kuifikia deki. Akasimama. Maishani mwake hakuwahi kusikia watu mia wakiichekea kazi yake.

Wamalize kipande hiki tu, alijiambia. Cha kuku.

Jua likazama. Banda zima likanyamaza kwa pamoja, vinywa wazi, harufu ya zabibu ikatanda. Kwenye televisheni, Debora aliendelea kucheka.