Kifaru na Simu ya Mama Nangila

Kila jioni baada ya kuvua sare ya shule, Akumu alichanganya ugali uliobaki na maziwa katika sufuria kuukuu, kisha akamwita mbwa wake, Kifaru. Alikuwa mbwa mdogo mwenye jina lililomzidi kimo, na mambo ya binadamu aliyachunguza kwa makini. Redio iliposoma habari, alizunguka nyuma yake kumtafuta mtangazaji. Akimkosa, aliibwekea redio kana kwamba imemficha mwizi.

Hayo yalimchekesha Akumu. Lililomuudhi lilikuwa moja tu. Kila simu ya Mama Nangila ilipolia, Kifaru aliacha chakula, akapenya uani na kwenda kwa jirani. Mama Nangila alikuwa fundi wa cherehani, nyumba ya pili hapo mtaani Kapsoya. Kifaru aliketi mbele ya simu ile, masikio wima, mkia ukifagia vumbi, karibu kabisa na miguu ya Nangila, binti wa fundi huyo.

"Siku hizi amekuzoea sana," Akumu alimwambia Nangila, akicheka kwa meno tu.

"Ni simu anapenda, si mimi," Nangila akajibu.

Akumu hakuamini. Mwanzoni mwa mwaka huo wa 2008, fujo zilipozuka baada ya uchaguzi, yeye na wazazi wake walikimbilia kanisani, kisha wakapanda lori la kwenda Kisumu. Lorini hapakuwa na nafasi ya mbwa. Nangila alimpokea Kifaru, akaahidi kumtunza. Sasa ulikuwa mwezi wa Septemba na wamerudi nyumbani, lakini Akumu aliona amerudishiwa kamba tu. Moyo wa mbwa ulibaki kwa jirani, na hilo lilimtia wivu.

Jumamosi moja Akumu alitumwa kwa Mama Nangila kuomba chumvi. Mama Nangila aliacha simu juu ya cherehani, akaingia ndani kuleta chumvi. Akumu aliikodolea macho simu ile. Bila simu hii, aliwaza, Kifaru atakaa kwangu. Alipopewa chumvi, simu ilikuwa tayari mfukoni mwake. Aliifukia katika gunia la magunzi ya kuwashia moto, nyuma ya jiko lao.

Haukupita muda, kelele zikasikika.

"Jamani, simu yangu!" Mama Nangila alilia. "Mwalimu wa shule atapiga leo kuhusu kazi ya kushona sare. Asiponipata, kazi atampa fundi mwingine!"

Akumu naye alijifanya anatafuta, akiinua vitambaa na kuchungulia chini ya meza. Mama Nangila alipojipangusa macho kwa leso, Akumu aligeuka na kuinua kitambaa kingine.

Mama yake Akumu alifika na simu yake. "Wacha nipige, tusikie inalia wapi."

Alipiga. Wote walinyamaza, wasisikie kitu.

Kifaru alisikia. Alichomoka mbio hadi nyuma ya jiko, na magunzi yakatawanyika. Alirudi na simu mdomoni, ingali ikilia. Alimpita Mama Nangila, akampita Nangila, akaiweka juu ya miguu ya Akumu. Kisha akaketi, akaitazama simu, akamtazama Akumu.

"Ni mimi," Akumu alisema, machozi yakimtoka. "Nimeificha mimi. Kifaru anampenda Nangila kuliko mimi, na ni kwa sababu ya hii simu."

Mama yake alifungua kinywa kwa hasira, lakini Nangila alimtangulia.

"Wewe Akumu! Si ulikuwa unanipigia kwa hii simu kila Jumapili ukiwa Kisumu? Huyu alikataa kula wiki nzima. Siku ya kwanza ulipopiga, nikaweka spika ili asikie sauti yako. Alilamba simu yote, halafu akakula. Tangu hapo ikilia tu anajua ni wewe. Anafikiria unakaa humo ndani."

"Lakini si nimerudi? Mbona bado ananitafuta huko?"

"Alikupoteza mara moja," Mama Nangila alisema. "Hataki kukupoteza tena."

Akumu aliinama, akaokota simu, akaifuta kwa gauni lake na kumrudishia mwenyewe kwa mikono miwili. "Nisamehe, Mama. Nisamehe, Nangila."

"Nimekusamehe. Lakini kazi ya sare nikiipata, kila Jumamosi utakuja kushona vifungo." Mama Nangila alimshika bega. "Na ulikuwa ukimwonea wivu nani, mwanangu? Aliyekuwa akikimbiliwa ni wewe mwenyewe. Siku nyingine moyo ukiuma, uliza. Ukinyamaza nao, wivu utakutuma kuiba."

Simu ikalia. Alikuwa mwalimu. Kifaru aliruka, akaketi mbele ya simu, masikio wima.

"Kifaru," Akumu aliita taratibu, nyuma yake. "Niko hapa."

Kifaru aliitazama simu. Aligeuka, akamtazama Akumu. Kisha akaiacha simu ikiongea na Mama Nangila, akamwendea Akumu.