Nilidhani Amelishwa Sumu

"Umemlisha nini mjukuu wangu?"

Nilimuuliza Wacera, mchumba wake, hivyo kwenye korido ya hospitali, watu wakisikia, huku nimekumbatia sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, niliyoichukua jikoni kwake mtaani Umoja, mfuniko na yote.

"Shosho, tulikula wote. Sylvance alimaliza sahani, akanibebea mtungi wa gesi hadi orofa ya nne, akaanguka mlangoni."

"Kijana wa miaka ishirini na tisa aanguke hivi hivi?"

"Basi nipe nimalize hiyo iliyobaki. Hapa hapa, ukiniangalia."

Akanyoosha mkono. Sikumpa. Akatoka nje akilia, na harusi yao imebakisha wiki tatu.

Ndani, Sylvance alikuwa amelala na nyaya kifuani. Simu yake ikalia, akanisomea ujumbe kwa sauti, makusudi:

"Babe, shosho yako anasema nimekuwekea kitu. Kama na wewe unaamini, niambie leo nirudishe nguo ya harusi."

Akamjibu: "Siamini. Rudi."

Kisha akanigeukia, akaniita bibi kwa Kijaluo kama kawaida yake. "Dani, kwani una shida gani na wanawake wanaonipikia?"

Wacera akaingia pamoja na Daktari Khavere, mama mpole wa kuongea polepole.

"Daktari," nikasema, "pimeni hii githeri."

"Mama, tumeshaupima moyo wake. Shida iko kwenye msuli wenyewe. Ndani yake kuna nyuzi nene na nyuzi nyembamba. Nyuzi nene zina vichwa vidogo vidogo vinavyoshika zile nyembamba na kuzivuta. Hapo moyo hukaza, ukasukuma damu."

"Na nani huviambia vivute?"

"Kalsiamu. Kwenye nyuzi nyembamba kuna protini zilizokaa kama komeo. Kalsiamu ikija, komeo hufunguka, vichwa vinashika. Ikiondoka, hufungwa tena, moyo unalegea na kujaa damu. Sasa, kuna protini nyingine ambayo kazi yake ni kupumzisha baadhi ya vile vichwa. Kwa Sylvance hiyo ni pungufu. Vichwa vingi mno vinavuta, moyo haulegei vizuri, na ukuta wake umenenepa."

"Chakula gani huleta hiyo?"

"Hakuna. Hurithiwa. Kuna mtu wa ukoo aliyewahi kuanguka ghafla akafa?"

Sylvance akajibu haraka. "Hakuna. Baba aligongwa na lori."

"Hiyo ni ajali. Basi nitampa dawa, na Ijumaa aende nyumbani. Kama angekuwepo aliyeanguka ghafla, tungemfikiria kifaa cha kifuani, cha kuushtua moyo ukivuruga mapigo."

Akaanza kuandika.

"Daktari, usiandike. Hakuna lori."

"Dani?"

"Baba yako alikula ugali na maini nyumbani kwetu Makongeni, akabeba madumu mawili ya maji, akaanguka mlangoni. Mwanangu Omolo. Nilisema mama yako amemwekea sumu. Nikamfukuza, nikakubakisha. Ulikuwa na miaka minne."

"Uliniambia mama alitoroka na mwanaume!"

"Nilikudanganya. Na kile chakula nilimpa mbwa wa jirani. Akakila, akalamba sufuria, akalala juani. Kesho yake alikuwa anabweka kama kawaida. Niliona kwa macho yangu, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeshasema mbele ya watu."

Sufuria ya Wacera ilikuwa bado mapajani mwangu. Nikaiweka chini.

Sylvance akamtazama mchumba wake. "Umesikia. Moyo wangu ndio huu. Hata watoto wetu wanaweza kuurithi. Ukitaka kwenda, sitakulaumu."

"Daktari, watoto hupimwa?"

"Hupimwa, hata kabla ya kuugua."

"Basi tutawapima. Na gesi itabebwa na mwenye duka." Akanigeukia. "Lakini, shosho, siolewi kwenu kabla mama yake hajaambiwa. Mpigie. Weka spika."

Namba ya Carolyne, mama yake Sylvance, nilikuwa nayo. Dada yake alinipa zamani, nikaihifadhi kwa jina la fundi wa cherehani, Sylvance asijue.

"Haloo?"

"Carolyne, ni mimi. Mama Omolo."

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Sylvance anaumwa na moyo. Ni ugonjwa wa baba yake, wa damu yetu. Hukumuua Omolo. Nisamehe."

"Mama, mimi nilijua sikumuua. Mimi ndiye niliyepika."

"Nisamehe, mwanangu."

"Sijui kama nitaweza. Miaka ishirini na tano natajwa muuaji. Sijui. Mtoto yuko hapo?"

Sylvance akaishika simu kwa mikono miwili, akaanza kulia. Wacera akainama karibu.

"Mama, mimi ni Wacera. Naolewa na Sylvance. Anakusikia, ni machozi tu."

"Ni wewe uliyempikia leo?"

"Ni mimi."

"Na huyo mama alikuuliza umemlisha nini?"

Wacera akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Aliniuliza, mama."

"Usikubali kufukuzwa kama mimi. Kaa hapo karibu naye. Niko Njiru, nakuja sasa hivi."

Kando ya kitanda kulikuwa na kiti kimoja tu cha wageni, nami ndiye niliyekikalia. Nikainuka, nikasimama ukutani, ili Carolyne akifika apate mahali pa kukaa karibu na mwanawe.