Bei ya Siri ya Friza

Kila asubuhi Leticia alifungua kibanda chake cha juisi katika mtaa wa Gerezani, karibu na kituo cha mabasi ya mwendokasi. Majirani walimwita Mama Robert. Aliuza juisi ya ukwaju, ya embe na ya pasheni. Mafundi wa magereji walimjia wakiwa na grisi mikononi na kiu kooni. Mumewe, Wilbert, alipenda kusema kwamba mke wake anaupoza mtaa mzima isipokuwa yeye.

Mwezi huo juisi haikuwa baridi. Friza yake mpya ilikuwa imekufa kabla dhamana haijaisha. Wateja walionja, wakashukuru kwa adabu, wakahamia kwingine. Kama hali ingeendelea hivyo, Leticia angekifunga kibanda.

Friza hiyo aliinunua Kariakoo, dukani kwa Kasmir. Siku ile walivutana bei mpaka chai ya Kasmir ikapoa. Mwishowe Kasmir alimwinamia na kunong'ona, "Dada, hii ni bei yako peke yako. Usimwambie mtu." Leticia aliondoka akijiona mjanja. Hakumwambia hata Bi Zamzam, muuza lambalamba wa kibanda cha jirani.

Friza ilipokufa, Leticia alirudi dukani. Kasmir alishangaa sana. Alisema ameuza friza nyingi kama ile na hakuna mteja mwingine aliyelalamika. Lazima umeme wa kibandani ndio mbovu, na dhamana haihusu umeme. Leticia alirudi kibandani akiona aibu.

Mchana mmoja Bi Zamzam alikuja kuomba barafu. Leticia alimwamkia, kisha akamwambia kwamba hana. Bi Zamzam aliitazama friza iliyokuwa kimya, akaketi juu ya kreti.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe na yako imekufa? Uliinunua kwa Kasmir?"

Leticia alisita, kwa sababu alikuwa ameambiwa asimwambie mtu.

"Alikwambia ni bei yako peke yako?" Bi Zamzam aliuliza.

"Ndiyo."

"Na mimi aliniambia hivyo hivyo. Tena aliniita mama yake mzazi."

Walicheka mpaka mafundi wakaja kuuliza kulikoni. Jioni ilipofika, walikuwa wamewapata wenzao wengi pale Gerezani. Bei ilikuwa moja, siri ilikuwa moja, na friza zote zilikuwa zimekufa. Kila mmoja alikuwa ameambiwa kwamba ni yeye tu aliyelalamika. Wilbert alisema hajawahi kuona duka lenye wateja maalumu wengi kiasi hicho.

Celina, wakili aliyeishi Upanga, alikuwa mteja wa juisi wa kila siku. Aliposikia habari hiyo alicheka, kisha akaweka glasi chini.

"Mama Robert, umeme wako hauna kosa," alisema. "Muuzaji ni mmoja, friza ni za aina moja, na malalamiko ni yale yale. Sheria inaruhusu mmoja wenu au wawili waende mahakamani kwa niaba ya wote. Hilo huitwa shauri la uwakilishi."

"Kwa nini kila mtu asiende kivyake?" aliuliza Bi Zamzam.

"Mmeshakwenda kila mtu kivyake. Mliambiwa nini?"

"Kwamba ni mimi tu niliyelalamika," alisema Bi Zamzam.

Celina aliwaeleza polepole. Kwanza wangemwandikia muuzaji barua ya madai. Akikataa, wawakilishi wangeiomba mahakama ruhusa ya kuwasemea wenzao. Ruhusa ikitolewa, wenzao wote wangejulishwa, ana kwa ana au kwa tangazo, ili anayetaka kusikilizwa ajitokeze. Gharama wangechangia. Uamuzi ungewahusu wote, wakishinda au wakishindwa. Kwa hiyo kila mmoja aitunze risiti yake na karatasi ya dhamana.

Wakamchagua Leticia na Bi Zamzam. Kasmir hakuijibu barua. Mahakama ilitoa ruhusa, tangazo likatoka gazetini, na watu wa Msimbazi nao wakajitokeza, kila mmoja na siri yake.

Hapo Kasmir alifika kibandani mwenyewe. Nje alikuwa ameegesha mkokoteni wenye friza mpya. Alimwinamia Leticia kama zamani.

"Dada, hii ni yako peke yako. Jitoe kwenye kesi. Usimwambie mtu."

Leticia aliitazama friza. Ilikuwa nyeupe na nzuri, na siku hiyo alikuwa ameuza glasi chache tu. Angeweza kuiwasha kabla ya saa sita. Kisha akatazama kibanda cha jirani, akapaza sauti.

"Bi Zamzam, njoo umsikie mwanao."

Bi Zamzam alikuja, na mafundi wakamfuata.

"Rudia, kaka," Leticia alisema. "Sema wote wasikie."

Kasmir alifuta jasho. Akaondoka na mkokoteni wake. Lakini baada ya muda si mrefu aliketi na wawakilishi na mawakili. Alikubali kumbadilishia kila mlalamikaji friza, pamoja na dhamana mpya. Makubaliano hayo yalisajiliwa mahakamani.

Siku ya kupokea, mikokoteni iliingia Gerezani mchana kweupe, mmoja nyuma ya mwingine, na wanawake wakapiga vigelegele. Wilbert alipewa glasi ya kwanza ya baridi, akanyamaza kwa mara ya kwanza.

Kasmir naye alisogea, akaagiza ya ukwaju. Akatabasamu, akauliza kama kuna bei ya mteja maalumu.

Leticia alimwonyesha ubao mpya uliotundikwa mlangoni, wenye bei kwa herufi kubwa.

"Ipo," alisema. "Waambie wote."