Maji Baridi ya Tumbawe

Kila siku alipotoka shule, Hajra alivua sare, akala mihogo aliyowekewa na mama yake, kisha akavuka uwanja kwenda kwa jirani yao, Mzee Eusebio. Mzee huyo alikuwa amestaafu kazi ya uvuvi huko Mtwara, akahamia Nachingwea na tangi la kioo lenye maji ya bahari. Lilikaa sebuleni juu ya meza ya mninga, na feni ndogo ililipulizia upepo mchana kutwa. Wanafunzi wengi wa darasa la sita hawakuwa wamewahi kuiona bahari, basi walikwenda kuichungulia pale.

Wiki hiyo tangi lilikuwa na mgeni. Kituo cha utafiti alikowahi kufanya kazi mzee kilikuwa kimempa, kwa kibali, tumbawe laini lenye ukubwa wa kiganja. Lilikuwa na vidole vingi vyeupe vilivyoyumba majini.

"Hili si ua, wala si jiwe," Mzee Eusebio aliwaambia. "Ni mnyama. Na mnyama akiwa mgeni hushtuka upesi."

Siku ya Alhamisi mzee alipata habari kwamba dada yake anaumwa huko Ruangwa. Alimwita Hajra. Huzaifa, mwanafunzi mwenzake, naye alikuja akasimama mlangoni, maana kazi ya kulitunza tangi aliitamani yeye.

"Mjukuu wangu, nitarudi Jumamosi," mzee alisema huku akifunga begi. "Joto hili linapunguza maji. Yakishuka chini ya mstari huu mwekundu, ongeza maji baridi, kikombe kimoja kimoja. Kitu kingine usiguse. Umeelewa?"

"Nimeelewa, babu."

Kwa kweli Hajra alijiuliza kidogo. Maji baridi? Lakini Huzaifa alikuwa akimtazama kwa jicho la kungoja akosee, na yeye hakutaka kuonekana hajui. Akapokea ufunguo, akanyamaza.

Ijumaa jioni maji yalikuwa yameshuka kidole kizima chini ya mstari. Hajra alikimbia kwa Mama Swaumu, mwenye friji, ambaye watoto walichukua kwake mifuko ya maji baridi ya kuuza stendi. Alipewa mifuko sita, mingine ikiwa na barafu ndani. Alikumbuka habari ya kikombe, lakini mfuko ukishang'atwa kona hauwekeki chini. Akaimimina yote, mmoja baada ya mwingine, palepale juu ya tumbawe.

Vidole vikajikunja mara moja.

Asubuhi ya Jumamosi tumbawe lilikuwa limeinama, limekuwa na rangi ya majivu, na juu yake umetanda utando kama wa uji uliopoa. Hajra alidhani joto limelizidi. Akaleta mifuko mitatu mingine. Likasinyaa zaidi.

"Dada, mgeni wa babu amekwisha!" Huzaifa alisema dirishani. "Bado kumtia nazi tu."

"Nyamaza wewe! Nitamwambia nini babu?"

"Sema umeme ulikatika. Mji huu umeme ukikatika nani atashangaa?"

Saa saba mchana Mzee Eusebio aliingia, begi likiwa bado begani. Hakuitikia hata shikamoo. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akapiga magoti.

"Hajra, kumetokea nini hapa?"

Hajra alitazama sakafu. "Umeme ulikatika, babu. Jana, tangu asubuhi hadi jioni."

"Kwa hiyo feni ilisimama, na maji yamechemka kama supu." Mzee alitumbukiza mkono, akautoa. "Siwezi kuuamini mkono huu, umetoka juani. Na kipimajoto kilivunjika wakati wa kuhama. Lakini kama ni joto, dawa yake ni kulipoza, tena haraka. Kimbia kwa Mama Swaumu, lete bonge zima la barafu."

Hajra aligeukia mlango. Alikwenda, kwani miguu haikujua pa kwenda kwingine.

"Jana sita, leo asubuhi tatu, sasa bonge!" Mama Swaumu alishangaa. "Hicho kidudu kinakunywa au kinaoga?"

Hajra alilipokea bonge, akaondoka. Njiani barafu ilimchoma viganja, akawa anaihamisha kutoka mkono huu hadi ule. Alijua sasa kwamba kila baridi ilipoingia, tumbawe lilikuwa hoi zaidi. Hili bonge lingelimaliza. Na mkono wa kulitia ungekuwa wa babu, asiyejua lolote.

Mzee alikuwa amekwisha kufunua tangi. "Lete hapa."

Hajra aliling'ang'ania bonge.

"Lete, mtoto! Linakufa hili!"

"Usilitie, babu!" Machozi yalimtoka. "Umeme haukukatika. Nimekudanganya. Mimi ndiye niliyelitia maji ya friji. Ulisema maji baridi."

Mzee Eusebio alibaki ameinama, mkono hewani. Kisha akaketi.

"Ya friji," alirudia polepole. "Lo! Sisi watu wa uvuvi tukisema maji baridi, tunamaanisha maji yasiyo na chumvi. Maji ya mvua, yale ya kwenye pipa, wala si ya kupozwa." Akajipangusa uso. "Mifuko mingapi? Saa ngapi? Uliimimina yote kwa pamoja?"

Hajra alijibu kila swali bila kuficha. Mzee aliitupa barafu nje. Alichukua bomba la sindano lisilo na sindano, akavuta maji ya tangi, akauosha ule utando taratibu hadi ukabanduka. Baada ya hapo alikataza mtu yeyote kuligusa tumbawe.

Jumapili halikusogea. Jumatatu pia. Jumanne Hajra alipofika alikuta vidole viwili vimechomoza, vyembamba kama njiti. Ijumaa vilisimama vyote, vikiyumba.

Mzee Eusebio alimwita karibu.

"Kulisikia neno vibaya si kosa kubwa. Hata mimi nilikosea, nilikupa neno la kazini kwangu bila kulieleza. Lakini ulipokuwa hujui, ukaona haya kuuliza. Na ulipoharibu, ukanipa sababu ya uongo. Mimi nilitibu uongo ule, Hajra. Tumbawe lilibakiza hatua tatu tu life kwa mkono wangu, nami nikiamini naliponya. Ukweli wako ulichelewa, ila uliwahi. Siku nyingine usiuache uchelewe."

"Nisamehe, babu."

"Nimekusamehe. Kesho narudi Ruangwa. Maji yakishuka, ongeza ya kwenye pipa, kidogo kidogo."

Huzaifa alikuwa mlangoni, akisikiliza. Hajra alimwona, lakini safari hii hakunyamaza.

"Babu, pipa lipi, la uani au la jikoni? Na kidogo ni kiasi gani?"

"La uani," mzee alijibu, akimpa ufunguo. "Nusu kikombe, kisha ngoja robo saa. Uliza na swali lingine kama unalo; safari ni kesho, muda tunao."