Mti Namba Arobaini na Moja

Jumatatu ilianza vizuri tu. Fundi cherehani alikuwa barazani akipinda sketi za shule, na mumewe, mpima miti wa kamati ya msitu, alikuwa kitandani akijaza daftari. Kijiji kilikuwa na mkataba na shirika la hifadhi: wanakijiji walinde msitu, shirika liwajengee zahanati. Kila mwezi mpima aende msituni, azungushe futi kwenye miti yenye namba, aandike unene wake. Kazi ya miguu hiyo. Yeye akaifanyia kitandani.

Tena alikuwa na sababu. Mti namba arobaini na moja, mchanga bado, wa aina adimu, aliukata mwenyewe akaufanya nguzo ya banda la kuku. Banda la kuku, jamani! Na kila mwezi akauandikia kwamba umenenepa. Sentimita arobaini. Arobaini na nne. Hamsini.

Miezi hiyohiyo mguu wake wa kushoto nao ukavimba. Dawa za muuguzi hazikufua dafu. Ngozi ikakauka ikawa magamba, na kwenye nyufa ukachuruzika ute mzito wa manjano uliogandisha shuka. Chumba kikanuka majani yaliyooza. Mkewe alimwosha huku amejifunga kitambaa puani, akichokonoa funza kwa pini, wanene, weupe, wale wanaokula magogo. Mume anatafuna mkate, hana habari. Kinyaa gani hicho!

Asubuhi hiyo ya Jumatatu fundi alitaka kumshonea suruali ya mguu mpana. Akamzungushia futi yake ya kushonea chini ya goti. Sitini na moja. Akatupa jicho kwenye daftari, wino haujakauka.

Namba 41: sentimita 61.

Akafunua nyuma. Hamsini na sita. Huo ndio mwezi alioupima mguu kwa ajili ya bandeji. Ilikuwa hamsini na sita vilevile.

"Baba watoto," alinong'ona, "huu mti uko wapi?"

Akamwambia, bila hata aibu. Akaongeza kwamba ukweli ukijulikana shirika litaondoka, na kijiji kitamla nyama mbichi. Mkewe akamsihi aandike kweli kabla mguu haujaoza wote. Akakataa, akamega mkate mwingine. Ndipo mama wa watu, kwa kumpenda, akachukua kalamu mwenyewe.

Akaandika: Umekatwa.

"Aah," mume akashusha pumzi. "Mguu umekuwa mwepesi."

Shuka lilikuwa limelala bapa. Akalifunua. Chini ya goti hapakuwa na kitu. Wala damu. Kigutu kikavu, laini. Na unga wa mbao, godoro zima.

Kamati ikasoma daftari, ikaenda msituni kukagua. Hawakukuta kisiki. Mti ulikuwa umesimama, mzima, sentimita sitini na moja. Gome lake lilikuwa na joto. Lilikuwa na vinyweleo. Wazee wazima wakatazamana, kila mtu akiwaza zahanati yake. Mwenyekiti akafuta lile neno, akaandika kwamba mti upo. Mguu haukurudi.

Zahanati ilijengwa. Kazi ya kupima akapewa fundi cherehani, maana wengine wote waliikataa. Kila mwezi hubeba futi, kalamu na wembe. Pale mzizi unapoingia ardhini kuna kucha tano, na zinaota.