Betri Iliyolalia Blanketi

Kila jioni Mzee Andati aliporudi nyumbani kwake Dandora, aliegesha Datsun yake kuukuu kwenye kiteremko kando ya kibanda cha maji, akafungua boneti, akaing'oa betri na kuingia nayo ndani ameikumbatia kama mtoto mchanga. Kuiacha garini kungekuwa sawa na kuigawa, maana mtaani hapo palikuwa na watu waliopenda vitu vya wenzao kuliko vyao. Kwa hilo hakuna aliyemlaumu. Kilichowashinda watu kuelewa ni blanketi.

"Sementi hunyonya nguvu za betri," Andati alisema. Akaitandikia betri blanketi chini ya meza, kisha akaifunika kwa upande uliobaki. Blanketi lenyewe lilikuwa la binti yake, Muhonja, mwanafunzi wa darasa la sita, ambaye sasa alilazimika kulala na mdogo wake mwenye mateke kama ya punda.

"Na mimi je, Baba?" Muhonja aliuliza siku moja. "Sementi hainyonyi nguvu zangu?"

"Wewe huwashi gari," baba yake akamjibu.

Betri ililala vizuri, lakini iliamka vibaya. Asubuhi Andati alipozungusha ufunguo, gari liliguna, likakohoa, likanyamaza. Majirani walikwisha kuzoea. Annah, muuza maandazi, aliweka beseni lake chini, Mama Sahro alijifunga leso kiunoni, wote wakasukuma. Gari liliwaka katikati ya kiteremko, likawaachia moshi badala ya asante. Taa zake nazo zilififia mpaka mkewe Andati akasema afadhali wangetembea na koroboi.

Dalili hazikuishia hapo. Betri ilikuwa imevimba ubavuni kama aliyepigwa ngumi, vichwa vyake vimeota unga mweupe, na asidi iliyovuja ilikuwa imetoboa suruali mbili za mwenyewe. Wabwire, fundi aliyemchajia, alikuwa amemwambia mara tatu, "Mzee, hii imezeeka. Nikiichaji leo, kesho imekwisha. Tafuta nyingine."

"Kazi yako ni kuchaji, si kuzika," Andati alimjibu.

Ndipo ikaja harusi ya Millicent, dada yake Andati. Alikuwa anaolewa na Luseno, kijana wa Huruma. Andati akaapa kwamba dada yake hatapanda gari la kukodi ilhali yeye yuko hai. Muhonja naye aliahidiwa kukaa mbele na kushika maua. Kwa wiki nzima hakuna mtu darasani aliyepumzika kusikia habari za maua hayo.

Ijumaa jioni baba yake alimpa chupa. "Nenda kituo cha petroli uniletee maji ya betri. Maji yake yamepungua."

Kituo kilikuwa mbali. Karibu na kibanda cha maji, wenzake walikuwa wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na upande mmoja ulikuwa umepungukiwa na mtu. Muhonja aliingia kwa raundi moja tu. Raundi hiyo ilizaa nyingine, na nyingine ikazaa giza. Akatazama chupa tupu, akatazama mfereji wa kibandani. "Yote ni maji," akajiambia, akaijaza pale pale.

Jumamosi gari lilisukumwa na kuwaka kwenye kiteremko kama kawaida, likafika kanisani Huruma bila aibu. Ndoa ikafungwa, vigelegele vikapigwa, Millicent akaingia nyuma na shela yake iliyojaa kiti kizima. Muhonja akakaa mbele na maua. Andati akazungusha ufunguo.

Tik.

Akazungusha tena. Safari hii hata hiyo tik haikutoka. Na uwanja wa kanisa ulikuwa tambarare kama meza.

Andati akashuka, jasho likimtiririka, macho yakimtafuta mtu wa kumtwika aibu ile. Akamwona Wabwire, aliyealikwa kwa kuwa ni rafiki wa bwana harusi.

"Huyu hapa! Juzi nilimpa betri aichaji, akakaa nayo bure. Tapeli mkubwa."

"Unamwita rafiki yangu tapeli mbele ya wazee wangu?" Luseno akauliza, na wazee wake wakaanza kuvua makoti.

Millicent akatoa kichwa dirishani. "Kaka, nimeolewa nusu saa tu. Msituachanishe kabla sijaonja keki."

Hakuna aliyecheka. Wabwire alikuwa ameinamisha kichwa, na Muhonja akayaweka maua kando. Akinyamaza, harusi ingevunjika, na mtu wa watu angebaki na jina baya. Akafungua mlango.

"Baba, si yeye. Jana sikufika kituoni. Nilitia maji ya mfereji kwenye ile chupa."

Andati akafungua boneti, akaitazama betri.

"Ng'ambo ya barabara kuna duka la Mama Qamar," Wabwire akasema polepole. "Ana kipimo. Twendeni, atatuambia ukweli."

Wakasukuma. Bwana harusi alisukuma, wazee wake wakasukuma, na bibi harusi akashuka, akavua viatu, akasukuma huku shela ikifagia barabara.

Mama Qamar, mwanamke mzee wa Kisomali aliyeuza vipuri, alisikiliza kisa chote, kisha akawaambia watoto wakae mbali na asidi. Akafungua vifuniko sita vya betri, akavuta asidi ya kila chumba kwa kipimo chake cha kioo. Kwenye chumba cha tatu kielea cha ndani kilizama mpaka chini.

"Hiki kimekufa," akasema. "Uliinunua lini, Mzee?"

Andati akakuna kisogo. "Muhonja alikuwa darasa la kwanza."

"Basi imesoma na mtoto mpaka darasa la sita, na hukuipa likizo." Watu wakaangua kicheko, hata wale wazee. "Binti, maji ya mfereji yana chumvi, na chumvi huharibu betri, kwa hivyo usijione mtakatifu. Lakini hayawezi kuiua kwa siku moja. Betri husema kabla ya kufa. Ikianza kuguna asubuhi, taa zikififia, ikivimba, au ukiichaji leo na kesho iko tupu, mpe fundi aipime. Akikwambia imekwisha, ibadilishe siku hiyo hiyo, usingoje ikuaibishe." Akamgeukia Andati. "Mtoto alificha kosa la usiku mmoja. Wewe umeficha la mwaka mzima. Nani kati yenu amesema kwanza?"

Andati akamshika Wabwire mkono. "Uliniambia mara tatu. Nisamehe, ndugu yangu."

Akaiacha ile kuukuu kwa Mama Qamar ili isiende kuunguza watu jaani, akanunua mpya. Gari likawaka kabla hajamaliza kuzungusha ufunguo, na Millicent akafika kwenye keki yake akiwa na nyayo nyeusi tii.

Jioni hiyo Andati aliingia nyumbani amekumbatia betri mpya. Akatazama chini ya meza. Akatazama blanketi. Kisha akamwona Muhonja, aliyekuwa amekwisha kujifunika nalo gubigubi, macho tu nje.

Akaiweka betri juu ya sementi, taratibu.

"Lala salama," akasema, na Muhonja hakujua ni nani kati yake na betri aliyeambiwa.